Kompyuta ya zamani imegoma kuwaka kwa disketi: soma dalili kabla ya kushika bisibisi

Wapo bado wanaowasha kompyuta kwa disketi. Kuna mashine za kudarizi na za kukereza vyuma zinazoongozwa na kompyuta ya miaka ya 1990. Kuna mtu aliyeachiwa kompyuta ya marehemu mzee wake na anataka kutoa barua na hesabu zilizomo. Na kuna wapenzi tu wa kompyuta za prosesa za 386 na Pentium, ambao hawahitaji sababu. Wote hao hupita mlango mmoja, draivu A, yaani draivu ya disketi. Utaratibu wa kuanzisha kompyuta kwa CD ulitolewa mwaka 1995, na USB ikachelewa zaidi ya hapo, kwa hiyo mashine iliyotengenezwa kabla ya hapo inajua disketi na diski ngumu, basi.

Ikigoma, wengi huanza kwa kufungua vifuniko. Acha kwanza. Kompyuta hizi husema zimekwama wapi: kwa taa, kwa mlio, na kwa sentensi moja kwenye kioo. Na mara nyingi kosa limo kwenye disketi au namna ilivyoandikwa, mashine haina hatia.

Ninazungumzia PC za kawaida zenye draivu ya inchi 3.5, zinazowashwa kwa MS-DOS (mfumo wa uendeshaji wa amri za kuandika), Windows 98 au FreeDOS. Zile disketi kubwa za inchi 5.25 nitazigusa pale tu zinapoleta shida ya pekee.

Kinachotokea kabla ya A:\>

Ukiwasha umeme, BIOS (programu ya kuanzishia iliyo kwenye chipu ya ubao mama) hujipima, huhesabu RAM (kumbukumbu ya muda), kisha huigusa draivu A. Taa huwaka kidogo na unasikia "krr" ya kichwa kikirudi mwanzo. Zamu ya disketi ikifika, BIOS husoma sekta ya kwanza peke yake, kipande cha baiti 512, huiweka kwenye RAM kwenye anwani 7C00 na kuiachia kazi. Kuanzia hapo BIOS ni mtumishi tu. Anayeamua ni ile programu ndogo iliyomo ndani ya sekta hiyo.

Programu hiyo hutafuta mafaili ya mfumo. Kwa MS-DOS ni IO.SYS na MSDOS.SYS, kwa PC-DOS ya IBM ni IBMBIO.COM na IBMDOS.COM, kwa FreeDOS ni KERNEL.SYS. Kwenye Windows 95 na 98 kazi yote imo ndani ya IO.SYS, na MSDOS.SYS imebaki faili la maandishi tu. Baada ya hapo husomwa CONFIG.SYS, hupakiwa COMMAND.COM, hufuatwa maagizo ya AUTOEXEC.BAT, ndipo unapata A:\>, alama ya DOS kwamba iko tayari kupokea amri.

Kwa hiyo mbele ya mashine iliyokwama jiulize mambo matatu. Taa imewaka? Disketi imezunguka? Na sentensi iliyotokea imeandikwa na nani: BIOS, sekta ya kwanza ya disketi, au DOS? Hilo la tatu ndilo watu hulisahau, na ndilo linalookoa muda kuliko yote.

Taa haiwaki kabisa, hata kidogo

Hapa ni umeme, kebo au mipangilio ya BIOS. Anza na mipangilio, maana haihitaji bisibisi. Ingia kwenye BIOS wakati mashine inahesabu RAM: Del kwa BIOS nyingi za Award na AMI, F2 kwa nyingi za Phoenix, F10 kwa Compaq, F1 kwa IBM. Kwenye "Standard CMOS Setup" angalia Drive A, iandikwe 1.44M, 3.5 in. Ukikuta "None", umeshapata mkosaji. Angalia pia sehemu ya vifaa vya ubaoni kama "Onboard FDC Controller" (kidhibiti cha draivu ya disketi) imewashwa. Ukiona "Floppy 3 Mode Support", iache imezimwa; hiyo ni kwa ajili ya disketi za Japani.

Ukirekebisha na kesho ukakuta "None" tena, betri ya saa, inayotunza mipangilio ya BIOS, imekwisha. Kwenye mashine nyingi za Pentium na baada yake ni ile ya kidonge, CR2032, inauzwa kila mahali. Kwenye 386 na 486 mambo ni magumu kidogo: nyingi zina betri ya nikeli iliyochomelewa kwenye ubao mama, kama pipa dogo la bluu, na ikizeeka huvuja na kula njia za shaba zilizo karibu. Ukiona unga wa kijani au mweupe pembeni yake, ikate leo hii, hata kama hujui utaweka nini badala yake. Nyingine zina kidubwasha cheusi cha kampuni ya Dallas ambacho betri imefungiwa ndani, nacho hubadilishwa chote. IBM AT ya mwaka 1984 haina hata ukurasa wa mipangilio ndani ya BIOS: inatumia disketi yake maalumu, na betri ikifa huonyesha nambari 161. Bonyeza F1, huendelea.

Mipangilio ikiwa sawa, sasa fungua. Plagi ya umeme ya draivu ya inchi 3.5 ni ile ndogo ya pini nne, waya mwekundu ni volti 5 na wa njano volti 12. Ni rahisi mno kuiingiza ikiwa imeruka pini moja, hasa gizani ndani ya kasha, na ukiwasha hivyo draivu inaweza kuungua. Tumia tochi, hesabu pini.

Ujumbe "Floppy disk(s) fail (40)" wa Award una maana hiyohiyo: BIOS imeambiwa kuna draivu, imeita, haikuitikiwa.

Taa imewaka na haizimi

Kebo imegeuzwa upande mmoja. Ndiyo, ni hivyo tu karibu kila mara. Mstari mwekundu pembeni mwa kebo hukaa upande wa pini namba 1, kwenye ubao mama na kwenye draivu. Kasoro hii haiui draivu, ila usiweke disketi ya thamani ndani wakati unajaribu kebo, kwa sababu mstari wa kuandika nao huweza kuamshwa na mwanzo wa disketi ukafutika.

Kwa kuwa umeshafungua, tazama msokoto. Kebo ya disketi ina nyaya 34, na kundi dogo la nyaya hizo limesokotwa karibu na mwisho. Draivu iliyo baada ya msokoto ni A. Iliyo kabla yake, katikati ya kebo, ni B. BIOS haianzishi mfumo kutoka B. Kwa hiyo draivu nzima, disketi nzima, lakini plagi ya katikati, na hakuna kitakachowaka. Baadhi ya BIOS zina "Swap Floppy Drive" ya kubadilishana majina bila kugusa kebo. Kuhamisha plagi ni safi zaidi.

Inaipita disketi na kwenda moja kwa moja Windows

Tafuta "Boot Sequence" na uweke A kabla ya C. Kompyuta zilizotoka maofisini mara nyingi zilifungwa zisianze kwa disketi, kwa kuogopa virusi. Kama kwenye BIOS A tayari ni ya kwanza, na taa yake inawaka sekunde moja kisha mashine inaendelea na C, basi disketi haikusomeka hata sekta ya kwanza. Ruka hadi sehemu ya disketi inayosomeka kwingine.

Draivu ya nje ya USB ni kesi nyingine. Mashine lazima iwe na chaguo la USB-FDD kwenye orodha ya kuanzia, msaada wa USB wa kizamani uwe umewashwa, na draivu iwe imechomekwa kabla ya kuwasha. Kwa 486 au Pentium ya mwanzo usijisumbue, haitawezekana.

"Non-System disk or disk error"

Hii ndiyo inayowasumbua wengi, na ndiyo inayosomwa vibaya. Mtu akiiona hudhani draivu imekufa. Kinyume chake! Sentensi hiyo haimo ndani ya BIOS. Imeandikwa ndani ya sekta ya kwanza ya disketi, na ili itokee kwenye kioo lazima BIOS iwe imeisoma sekta hiyo na kuiendesha. Maana yake umeme upo, kebo iko sawa, kichwa kinasoma. Kinachokosekana ni mafaili ya mfumo tu, au sehemu yake haisomeki.

Maneno yenyewe hukuonyesha hata disketi ilifomatiwa wapi. "Non-System disk or disk error" ni MS-DOS. "Invalid system disk" ni Windows 95 au 98. "NTLDR is missing" inakuambia disketi ilifomatiwa kwenye Windows 2000 au XP, wala si kwamba disketi inahitaji NTLDR (faili la kuanzishia Windows hizo). "This is not a bootable disk" hutokana na disketi iliyofomatiwa kwenye Linux. Lakini "DISK BOOT FAILURE, INSERT SYSTEM DISK AND PRESS ENTER" ni sauti ya BIOS ya Award yenyewe: imezunguka kote, haikupata pa kuanzia. Na "NO ROM BASIC - SYSTEM HALTED" ya AMI ni ya namna hiyo pia. PC ya kwanza ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na lugha ya BASIC ndani ya chipu, na ikikosa disketi iliangukia humo. Kompyuta za kuiga hazikuwa na BASIC hiyo, zikabaki na kilio tu.

Kwa nini mafaili hayapo? Sababu ya kwanza ni kunakili kwa COPY. Mtu huchukua IO.SYS na COMMAND.COM, huvibandika kwenye disketi, hungoja miujiza. Sekta ya kwanza haikuguswa, na matoleo ya zamani ya DOS yanataka IO.SYS na MSDOS.SYS ziwe mbili za kwanza kabisa kwenye orodha ya disketi. Kazi hiyo ina amri yake:

FORMAT A: /S

au, kama disketi imeshafomatiwa na ni safi:

SYS A:

Amri hizi zitumie ukiwa kwenye DOS ya toleo lilelile unalotaka liwe kwenye disketi.

Sababu ya pili siku hizi ni kubwa kuliko ya kwanza. Umepakua faili lenye jina kama buti.img, ukalivuta kwa kipanya hadi kwenye disketi, likaingia. Hapo umelaza ramani ya nyumba kiwanjani ukasema umejenga. Faili la .img ni nakala ya sekta zote za disketi, moja baada ya nyingine, na linatakiwa kuandikwa sekta kwa sekta. Ukubwa wake ni kipimo kizuri: disketi ya 1.44 ina njia 80 (mizunguko ya kuandikia) kila upande, pande mbili, sekta 18 kila njia, baiti 512 kila sekta, jumla baiti 1,474,560. Faili lenye idadi hiyo kamili ni la disketi nzima. Faili la 737,280 ni la disketi ya 720 KB.

Kwenye Windows tumia RawWrite au WinImage. Kwenye Linux, ikiwa draivu ni ya ndani:

dd if=buti.img of=/dev/fd0 bs=512

Kisha hakikisha:

cmp buti.img /dev/fd0

Ikinyamaza, disketi ni sawa na faili. Draivu ya USB haitaitwa fd0. Itakuwa sdb, sdc au nyingine. Amuru lsblk kwanza, tafuta kifaa chenye ukubwa wa 1.4M, na soma herufi hiyo mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, kwa kuwa dd haiulizi swali na inaweza kufuta diski yako kuu bila kupepesa.

Kwa mwenye Windows XP karibu, dirisha la kufomati disketi lina alama ya kutengeneza disketi ya kuanzia ya MS-DOS. Inafanya kazi, na DOS yake ni ya Windows Me, ila haina programu za CD.

Neno dogo la tahadhari kabla sijaondoka hapa. Kwa kuwa sekta ya kwanza huendeshwa hata kwenye disketi isiyo na mfumo, disketi ya barua tu iliyosahauliwa ndani ya draivu ilitosha kuambukiza kompyuta. Ndivyo vilivyosafiri virusi vya Brain, vilivyotokea Lahore nchini Pakistan mwaka 1986, na Michelangelo, vilivyongoja tarehe 6 Machi. Disketi za zamani zilizookotwa kabatini bado zinaweza kuwa navyo. Usizijaribu kwenye mashine ambayo diski yake ina kitu unachokihitaji.

Disketi inasomeka kwingine, hapa haisomeki

"General failure reading drive A", "Sector not found", "Data error": haya ni maneno ya disketi na kichwa kutoelewana. Sababu ni nyingi, nazo huja pamoja.

Anza na aina. Disketi ya inchi 3.5 yenye matundu mawili ni ya 1.44 MB, yenye tundu moja ni ya 720 KB. Mashine za zamani zaidi zina draivu ya 720 KB, nayo haiwezi kabisa kusoma 1.44, hata ungeibembeleza. Kuziba tundu la pili kwa gundi ya karatasi na kuifomati 720 ni ujanja unaojulikana sana. Wakati mwingine unakubali, lakini utando wa sumaku ni wa aina nyingine na data haikai. Tafuta disketi halisi za 720. Kwenye inchi 5.25 mtego ni upana wa njia. Draivu ya 1.2 MB ina kichwa chembamba, kwa hiyo inapoandika juu ya disketi ya 360 KB iliyokwishatumika huacha mabaki ya maandishi ya zamani pembeni. Draivu halisi ya 360 ikija na kichwa chake kipana inasoma yote mawili kwa pamoja na kuchanganyikiwa.

Kisha kuna mpangilio wa kichwa. Draivu ikizeeka au ikidondoshwa, kichwa husogea kidogo kutoka katikati ya njia. Inaandika na kujisomea yenyewe vizuri kabisa, lakini disketi zake hazisomeki kwingine. Dalili yake ni hiyohiyo ya maneno: "kwangu inafanya kazi". Kipimo ni rahisi. Chukua disketi isiyo na kitu, ifomati ndani ya draivu ya mashine inayogoma, kama unaweza kuifikia kwa njia yoyote, kisha ijaribu kwenye ile ya pili. Zikikataana huku kila moja ikijipenda, moja imepinda. Usilegeze skrubu za mota ya kichwa ukidhani utairudisha kwa macho. Kazi hiyo inataka disketi maalumu ya vipimo na osiloskopu. Hamisha draivu nzima kutoka mashine moja hadi nyingine. Ndiyo sababu PC ni nzuri: draivu ya 1.44 ya mashine moja kwa kawaida inaingia kwenye nyingine.

Baada ya hapo, uchafu. Hapa pwani yetu, kuanzia Tanga hadi Mombasa na visiwani, disketi iliyokaa kabatini miaka ishirini hushika ukungu. Vuta kifuniko cha chuma pembeni, zungusha kitovu kwa kidole taratibu, tazama utando kwenye mwanga wa upande. Madoadoa meupe kama vumbi la unga ni ukungu. Mduara uliong'aa au uliokwaruzika umeshakwisha, data ya njia hiyo haipo tena. Disketi yenye ukungu isiingie kwenye draivu, kwa maana uchafu hubaki kwenye kichwa, na disketi nzima inayofuata ndiyo inayokwaruzwa. Nimeona watu wakijaribu disketi moja baada ya nyingine kwenye draivu chafu hadi zote zikaharibika, wakihitimisha kwamba "disketi za zamani hazifai".

Safisha kichwa kwa pamba ya kijiti na alkoholi ya isopropili, ile isiyo na rangi. Spiriti ya rangi ya dukani huacha utando. Kichwa cha juu kimening'inia kwenye chuma laini sana, usikiinue zaidi ya milimita chache. Acha kikauke, kisha jaribu kwa disketi usiyoijali. Itoe, tazama utando tena. Ukiona mstari mpya, safisha tena. Draivu nyembamba za baadhi ya laptopu, na za baadhi ya mashine za 5.25, huzungushwa kwa mkanda wa mpira, na mpira ukizeeka hulegea au kuyeyuka kama lami. Unasikia mota, disketi haizunguki.

Sony iliacha kuuza disketi Japani mwaka 2011, kwa hiyo unazonunua leo kama "mpya" zimekaa ghalani muda mrefu. Nunua kadhaa, zifomati zote bila kutumia /Q (ufomati wa haraka), na yoyote inayoripoti sekta mbovu itupe. Disketi ya kuanzia haistahili huruma. Na ukishaipata nzuri, sogeza kile kijiplastiki hadi tundu la kuzuia kuandika liwe wazi, uone mwanga upande wa pili, hapo imefungwa.

"Starting MS-DOS..." kisha kimya

Sasa uko ndani ya DOS, hongera. Draivu na sekta ya kwanza vimeshafanya kazi. Kinachokwama ni CONFIG.SYS au kinachofuata. Kwenye MS-DOS 6 na kuendelea, sentensi hiyo ikitokea bonyeza F5 kuruka CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT zote, au F8 kuulizwa mstari kwa mstari. Kwa F8 utajua ni mstari upi unaogandisha. Mara nyingi ni EMM386, programu ya kusimamia kumbukumbu; iondoe, kwa disketi ya kurekebisha mashine haihitajiki. HIMEM.SYS, nayo ya kumbukumbu, ikilalamika kuhusu A20 (waya unaofungua kumbukumbu ya juu ya MB 1), mashine yako inataka ipewe /MACHINE: na nambari. HIMEM ya Windows 98 hupima RAM yote kabla ya kuendelea, kwa hiyo kwenye mashine yenye RAM nyingi na prosesa ndogo kile unachoita kuganda kinaweza kuwa subira tu.

"Bad or missing Command Interpreter" maana yake COMMAND.COM haipo, au ni ya toleo lisilolingana na mafaili ya mfumo. Watu huokota COMMAND.COM ya Windows 98 na kuiweka na IO.SYS ya DOS 6.22. Hazielewani. Ukitoa disketi katikati ya kazi, ukafunga programu, na DOS ikakuomba urudishe disketi yenye COMMAND.COM, hiyo si hitilafu: sehemu ya COMMAND.COM ilifutwa kwenye RAM kupisha programu, inataka kusomwa upya.

CD ikikataa kwa "Device driver not found", jina lililo baada ya /D: kwenye CONFIG.SYS na lile la MSCDEX (programu inayoipa CD herufi) kwenye AUTOEXEC.BAT lazima liwe moja, herufi kwa herufi. Kama yanafanana na bado inakataa, programu ya OAKCDROM.SYS haikuona draivu ya CD. CD za zamani zilizounganishwa kwenye kadi ya sauti zinahitaji programu zao. Disketi ya Windows 98 pia hutengeneza diski ya muda ndani ya RAM, ikachukua herufi iliyokuwa ya CD. Uliyozoea kuiita D sasa ni E.

A:\> imetokea, lakini C: ni "Invalid drive specification"

Ondoa mikono kwenye kibodi kwanza. Ni hapa data za watu hupotea, maana shauri linalotolewa haraka ni FDISK na FORMAT, amri za kugawa na kufomati diski upya.

Sababu ya kawaida ni kwamba DOS yako haiwezi kusoma kilichopo. MS-DOS 6.22 haijui FAT32, namna ya kupanga mafaili kwenye diski iliyokuja na toleo la pili la Windows 95 mwaka 1996. Tumia disketi ya Windows 98. Diski ya Windows NT, 2000 au XP yenye mpangilio wa NTFS haitaonekana kwenye DOS yoyote bila programu ya ziada. Endesha FDISK na uchague namba 4 tu, ya kutazama. Ukiona "Non-DOS", au mgao upo lakini aina yake ni ngeni, diski ni nzima.

Sababu inayosahaulika ni programu za kuongeza uwezo wa BIOS, kama Ontrack Disk Manager na EZ-Drive. BIOS nyingi za zamani hazikuona diski zaidi ya MB 504, kwa hiyo wauzaji waliweka programu hizo mwanzoni mwa diski ngumu. Ukianza moja kwa moja kwa disketi, hazipakiwi, na C inapotea au inaonekana vibaya. Hapo acha mashine ianze kwa C, ngoja ujumbe wa programu hiyo kwenye kioo (Disk Manager hukuambia ubonyeze upau wa nafasi, EZ-Drive huomba ushikilie Ctrl) ndipo uingize disketi.

Betri ya saa nayo inaingia tena: ikifa, BIOS husahau aina ya diski ngumu kama ilivyosahau draivu A. Irudishie vipimo vilivyoandikwa juu ya diski, au tumia kipengele cha kuitambua yenyewe. Na virusi vya Monkey vilikuwa na tabia hiihii hasa. Vilificha jedwali la migao kwa kulivuruga, ukianza kwa disketi safi C haipo. Ukiambiwa FDISK /MBR (amri ya kuandika upya programu ya mwanzo wa diski ngumu) itatibu kila kirusi, kataa. Kwa Monkey inaondoa kirusi kilichokuwa kikilitoa jedwali lile, na C haipatikani tena kwa urahisi.

Disketi mpya, orodha ya zamani

Umebadilisha disketi, umeandika DIR, na kioo kinaonyesha mafaili ya disketi uliyoitoa. Usiandike kitu. DOS haijajua kwamba disketi imebadilishwa, na ukihifadhi faili sasa itatumia ramani ya ile ya kwanza juu ya hii ya pili, na zote mbili zitachanganyika. Ishara ya kubadilishwa kwa disketi hupita kwenye pini 34, na inakatika kwa kebo iliyokwanyuka, au kwa draivu iliyotoka mashine ya aina nyingine ambayo kijumpa chake (kiunganishi kidogo cha pini) kimewekwa kutoa ishara ya "tayari" badala ya "imebadilishwa". Badilisha kebo kwanza kwa kuwa ni rahisi. Kijumpa, kama kipo, huandikwa DC na RDY, kiweke DC. Hadi utakapopata draivu nyingine, zima na uwashe upya kila unapobadilisha disketi.